Beauregard, jenerali aliyeipa Marekani bendera inayogombewa hadi leo

Ipo bendera ambayo Marekani haijawahi kuifanya bendera ya taifa, lakini inajulikana karibu kila pembe ya dunia. Ni nyekundu, ina msalaba wa buluu uliokaa mshazari kutoka kona hadi kona, na ndani ya msalaba zimo nyota nyeupe 13. Imechorwa kwenye kofia, mikanda, fulana na vioo vya magari. Mfanyabiashara wa mitumba anayefungua robota la nguo kutoka Marekani anaweza kukutana nayo na kuipanga mezani kama pambo jingine lolote, bila kujua kwamba huko ilikotoka watu wanaigombania mahakamani, bungeni na hata makanisani.

Kwa Wamarekani weupe wengi wa majimbo ya Kusini, bendera hiyo ni urithi, kumbukumbu ya mababu waliokufa vitani. Kwa Wamarekani weusi wengi, ni bendera ya jeshi lililopigana ili mababu zao waendelee kuuzwa mnadani.

Mtu aliyehangaika kuliko wote hadi bendera hiyo ikafika vitani ni Jenerali Pierre Gustave Toutant Beauregard. Katika maisha yake kila upande wa ubishi huo hupata kitu cha kushika, na kila upande hukuta pia jambo usilopenda kulisikia.

MTOTO WA SHAMBA LA MIWA

Beauregard alizaliwa Mei 28, 1818, katika shamba la miwa lililoitwa Contreras, kiasi cha kilomita 30 kutoka mji wa New Orleans, jimbo la Louisiana. Familia yake ilikuwa ya asili ya Kifaransa. Louisiana ilikuwa imenunuliwa na Marekani kutoka Ufaransa mwaka 1803, miaka 15 tu kabla hajazaliwa, na nyumbani kwao walizungumza Kifaransa. Kiingereza alijifunza baada ya kupelekwa shule New York, akiwa tayari mtoto mkubwa.

Shamba lile lilikuwa la watumwa. Walilima, walikata miwa, walichemsha sukari usiku kucha msimu wa mavuno, na hawakulipwa. Sensa ya mwaka 1860 iliwakuta watumwa 331,726 Louisiana, karibu nusu ya wakazi wote wa jimbo hilo. Beauregard alikulia katika utajiri huo na hakuuona kuwa kosa.

Shuleni alivutiwa na habari za Napoleon na vita vyake. Akaingia chuo cha kijeshi cha West Point, na mwaka 1838 akahitimu akiwa wa pili katika darasa la wanafunzi 45. Mmoja wa walimu wake wa mizinga alikuwa Robert Anderson. Miaka 23 baadaye wawili hao walikutana tena, kila mmoja upande wake wa mizinga.

MHANDISI WA JUMBA LA FORODHA

Beauregard alikuwa mhandisi kabla ya kuwa jenerali. Katika vita vya Marekani na Mexico vya 1846 hadi 1848, alipima njia na kuchagua mahali pa kupitisha majeshi, na akajeruhiwa. Aliporudi alishughulikia mto Mississippi, ngome na njia za meli.

Kuanzia mwaka 1853 alisimamia ujenzi wa jumba la forodha la New Orleans. Bandari ile ilikuwa mlango wa pamba na sukari yote iliyoteremka na mto Mississippi. Jumba lilikuwa kubwa na zito, na ardhi ya pale ni tope. Lilianza kuzama, tena upande mmoja zaidi ya mwingine. Beauregard alipata njia ya kulituliza, na jumba hilo lipo hadi leo. Mwaka 1858 aligombea umeya wa New Orleans akashindwa kwa kura chache.

Januari 1861 aliteuliwa kuwa mkuu wa West Point, chuo kilekile kilichomlea. Alidumu siku tano tu. Louisiana ilijitenga na Marekani Januari 26, na yeye akasimama na jimbo lake. Serikali mpya ya majimbo yaliyojitenga ikampa cheo cha jenerali na kumtuma Charleston, South Carolina.

Huko ndani ya ngome ya Sumter, katikati ya bandari, alikuwamo mwalimu wake wa zamani, Robert Anderson, akiilinda bendera ya Marekani. Alfajiri ya Aprili 12, 1861, mizinga ya Beauregard ikafyatuka. Baada ya saa 34 Anderson akasalimu amri. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vikawa vimeanza.

BENDERA YAZALIWA KATIKA VUMBI

Julai 21 mwaka huo, majeshi mawili yalikutana Manassas, Virginia. Serikali ya Kusini ilikuwa na bendera yake ya kwanza ya taifa, yenye milia mitatu na duara la nyota. Tatizo ni kwamba ilifanana mno na ya Marekani. Upepo ukikosekana na vumbi likipanda, zote mbili zilionekana kitambaa kimoja.

Alasiri ya siku hiyo Beauregard aliona kikosi kikubwa kikija ubavuni mwake. Bendera yao ilikuwa imening'inia. Hakuweza kujua kama ni wenzake au ni adui. Kwa maelezo aliyoyatoa mwenyewe baadaye, alikuwa ameanza kufikiria kurudi nyuma. Kisha upepo ukavuma, bendera ikakunjuka, akaona ni askari wa Kusini. Siku hiyo wakashinda, lakini wasiwasi ule haukumtoka.

Aliandikiana na mbunge William Porcher Miles wa South Carolina, mwenyekiti wa kamati ya bendera. Miles alikuwa amebuni mchoro wa msalaba wa mshazari uwe bendera ya taifa lao, wenzake wakaukataa. Beauregard akaupenda. Jenerali Joseph Johnston akashauri kitambaa kiwe cha mraba. Novemba 28, 1861, bendera mpya za hariri, zikiwa na nyota 12 wakati huo, zikakabidhiwa kwa vikosi huko Centreville, Virginia. Nyota ya 13 iliongezwa baadaye.

Wanaoitetea bendera hiyo huanzia hapa. Husema ilikuwa alama ya askari, iliyotengenezwa ili watu wa upande mmoja wasiuane kwa makosa. Hilo ni kweli. Husema pia kwamba askari wengi waliopigana chini yake hawakumiliki mtumwa hata mmoja. Hilo nalo ni kweli. Wengi walikuwa wakulima maskini, na kuanzia Aprili 1862 serikali ya Kusini iliwaandikisha jeshini kwa nguvu. Miezi michache baadaye ilipitishwa sheria iliyoruhusu mzungu mmoja abaki nyumbani katika kila shamba lenye watumwa 20 au zaidi. Maskini wakalalamika kwamba vita ni ya tajiri na kifo ni cha maskini.

Lakini sheria hiyohiyo inaonyesha jeshi lilikuwa likilinda nini.

WALIVYOELEZA WENYEWE

South Carolina na Mississippi zilipojitenga ziliandika sababu zao, na sababu kubwa iliyotajwa ilikuwa utumwa. Machi 1861 makamu wa rais wao, Alexander Stephens, alihutubia mjini Savannah. Alieleza waziwazi kwamba msingi wa serikali yao ni imani kuwa mtu mweusi si sawa na mtu mweupe na kwamba utumwa ndiyo hali yake ya asili. Mwaka 1863 mchoro wa bendera ya vita ulipoingizwa kwenye kona ya bendera mpya ya taifa, yenye uwanja mweupe, mhariri wa gazeti moja la Savannah aliyeipigania aliandika kwamba weupe ule ni ishara ya ukuu wa watu weupe.

Beauregard naye aliacha ushahidi wake. Oktoba 1862, Rais Abraham Lincoln akiwa ameshatangaza kwamba watumwa wa majimbo yaliyoasi watakuwa huru ifikapo Januari 1, 1863, jenerali huyo alimwandikia Miles, yuleyule wa bendera. Aliuliza kama mswada wa kuwaua mateka wapinga utumwa umeshapitishwa, akahimiza upite, na akapendekeza wanyongwe kwa kukabwa koo.

Julai 18, 1863, kikosi cha 54 cha Massachusetts, cha askari weusi, kilishambulia ngome ya Wagner karibu na Charleston, eneo lililokuwa chini ya Beauregard. Askari kama 600 walikwenda mbele. Karibu nusu yao waliuawa, walijeruhiwa, walitekwa au walipotea. Wale waliokufa walizikwa katika shimo moja pamoja na kamanda wao mzungu, Robert Gould Shaw. Kwa wajukuu wa askari hao, bendera ya upande wa pili haiwezi kuwa pambo tu la historia.

Halafu lipo swali la urithi wa nani. Majimbo 11 yaliyojitenga yalikuwa na watu kama milioni 9, na milioni 3.5 kati yao walikuwa watumwa. South Carolina watumwa walikuwa wengi kuliko watu huru. Anayesema bendera hii ni urithi wa Kusini anawaacha nje watu hao, ambao nao walikuwa Kusini, walizaliwa huko na kuzikwa huko.

PAMBA ILIYOFIKA UNGUJA

Vita hivyo havikuwa mbali na Afrika Mashariki kama inavyodhaniwa. Kwa miongo kadhaa kabla ya mwaka 1861, kitambaa kilichotawala soko la Zanzibar na misafara ya bara kilikuwa merikani, kile kitambaa cha pamba kisichopaushwa. Kililetwa na meli za wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, nao wakarudi na pembe za ndovu, ngozi na sandarusi. Viwanda vilivyokifuma vilikuwa Kaskazini mwa Marekani, ila pamba ilitoka Kusini, kwenye mashamba ya watumwa.

Vita vilipoanza, meli za Kaskazini zikafunga bandari za Kusini. Pamba ikaadimika, bei ya merikani ikapanda, na wafanyabiashara wa Zanzibar wakageukia vitambaa vya Uingereza na India. Merikani haikurudi tena kwenye nafasi yake ya zamani. Jina lake limebaki kwenye Kiswahili.

KUSHINDWA

Nyota ya Beauregard ilipanda haraka ikashuka haraka. Aprili 1862 huko Shiloh, Tennessee, mkuu wake aliuawa siku ya kwanza ya mapigano, yeye akashika uongozi. Jioni alisimamisha mashambulizi akiamini ushindi umeshapatikana. Usiku adui akapata askari wapya, na kesho yake Beauregard akarudi nyuma. Waliouawa, kujeruhiwa na kupotea pande zote walizidi 23,000 katika siku mbili. Rais wa Kusini, Jefferson Davis, ambaye hawakupatana, alimwondoa kwenye jeshi hilo baada ya miezi michache.

Alirudi Charleston akailinda vizuri, na Juni 1864 aliushikilia mji wa Petersburg, Virginia, dhidi ya jeshi lililomzidi mara kadhaa. Caroline, mke wake wa pili, alifariki mwaka huo New Orleans, mji uliokuwa umeshikwa na Kaskazini, naye yuko mbali. Aprili 1865 alikuwa miongoni mwa majenerali waliomwambia Davis kwamba vita vimekwisha. Kwa makadirio yaliyozoeleka, askari kama 620,000 wa pande zote mbili walikuwa wamekufa, wengi kwa maradhi. Watumwa karibu milioni 4 wakawa huru.

MWAKA 1873

Hapa ndipo maisha yake yanapochukua njia ambayo wachache wanaobeba bendera yake wanaijua.

Baada ya vita Beauregard alikataa ajira za kijeshi nchi za nje. Aligeukia biashara. Aliongoza kampuni ya reli, kisha reli ya magari ya abiria mjini New Orleans, na mwaka 1869 akapata hataza ya njia ya kuyavuta magari hayo kwa kamba ya chuma. Baadaye alilipwa vizuri kwa kusimamia uchezeshaji wa bahati nasibu ya Louisiana, kazi iliyomtajirisha na kumharibia jina.

Mwaka 1867 aliwashauri wazungu wenzake waikubali sheria iliyowapa watu weusi haki ya kupiga kura. Juni 1873 akaenda mbali zaidi. Wafanyabiashara na viongozi 100 wa New Orleans, 50 weupe na 50 weusi, walikutana kuunda harakati ya umoja wa Louisiana. Beauregard alikuwa mwenyekiti wa kamati iliyoandika maazimio. Walitaka haki sawa za kiraia na kisiasa kwa kila raia. Walitaka watu weusi wapande vyombo vya usafiri na kuingia mahali pa umma bila kutengwa, watoto wasome shule zilezile, vyeo vya serikali vigawanywe kwa usawa, na weusi wasaidiwe kumiliki ardhi. Julai 1 aliwaandikia wananchi wa Louisiana barua ya wazi kuyatetea maazimio hayo.

Nia yake haikuwa safi yote. Biashara ilikuwa imedorora, kodi zilikuwa juu, na wazungu wa tabaka lake walitaka kuwaondoa madarakani wanasiasa waliotoka Kaskazini. Bila kura za watu weusi wasingeweza. Hata hivyo, aliyokubali kuyatia sahihi yalikuwa mambo ambayo weupe wengi wa Kusini hawakuthubutu kuyatamka kwa miaka mingi iliyofuata.

Harakati ilikufa baada ya wiki chache. Wazungu wa mashambani waliikataa kwa hasira. Baadhi ya weusi nao waliuliza ni vipi wamwamini ghafla jenerali wa jana. Mwaka uliofuata kundi la wazungu wenye silaha lilipambana na polisi wa jimbo katika mitaa ya New Orleans. Mwaka 1877 ulinzi wa jeshi la serikali kuu uliondolewa. Mwaka 1890 Louisiana ikatunga sheria ya kutenganisha rangi kwenye mabehewa ya treni, na mwaka 1892 Homer Plessy alikamatwa New Orleans kwa kukaa behewa la wazungu. Wapiga kura weusi walioandikishwa Louisiana walikuwa zaidi ya 130,000 mwaka 1896. Mwaka 1904 walibaki 1,342.

BAADA YA KIFO CHAKE

Beauregard alifariki New Orleans Februari 20, 1893. Mwaka uliofuata Mississippi iliuweka mchoro wa bendera yake ya vita kwenye bendera ya jimbo. Mwaka 1915 New Orleans ikamsimamishia sanamu, amepanda farasi, amevaa sare ya vita. Mwaka 1873 wa maisha yake haukuonekana popote kwenye sanamu hiyo.

Bendera nayo ikapata kazi mpya. Mwaka 1948 ilipeperushwa na wafuasi wa chama kilichoanzishwa kupinga haki za watu weusi. Mwaka 1956, miaka miwili baada ya Mahakama Kuu ya Marekani kupiga marufuku ubaguzi katika shule, Georgia iliiingiza kwenye bendera yake. South Carolina iliipandisha juu ya jumba la bunge lake mwanzoni mwa miaka ya 1960, harakati za haki za raia zikiwa zimepamba moto. Kundi la Ku Klux Klan likaifanya yake. Wapinzani wa bendera huuliza: kama ni kumbukumbu tu ya wafu wa 1865, kwa nini ilipandishwa wakati huo?

Juni 17, 2015, kijana mzungu aliyekuwa amepiga picha na bendera hiyo aliwaua waumini weusi tisa ndani ya kanisa lao mjini Charleston. Julai 10 South Carolina iliiteremsha kutoka uwanja wa bunge. Mei 2017 sanamu ya Beauregard iling'olewa New Orleans, kwa uamuzi wa baraza la mji, huku watu wengine wakishangilia na wengine wakilia. Mwaka 2020 Mississippi iliiacha bendera yake ya zamani, na wapiga kura wakaidhinisha mpya.

Wapo wanaoendelea kuipeperusha kwenye nyua zao, na sheria ya Marekani inawaruhusu. Wengi wao wana babu wa kweli, mwenye jina na kaburi, aliyekufa chini yake. Jirani zao weusi nao wana babu wa kweli, ambaye mara nyingi hana kaburi linalojulikana.

Ile haki ya kupanda gari moja, kuingia mahali pamoja na kusoma shule moja, ambayo Beauregard aliitetea mwaka 1873, iliwekwa katika sheria ya taifa mwaka 1964. Ilichukua miaka 91, na miongoni mwa waliosimama barabarani kuipinga walikuwamo watu waliobeba bendera aliyowaletea yeye.